Sasa wanataka na mboni za macho: tukubali tu?

Kalamu ya Jinja
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tangu Mei 27, 2025 NIRA, mamlaka ya vitambulisho hapa Uganda, wanaandikisha watu upya kwa sababu ndaga muntu, yaani vitambulisho vya taifa, za 2014 zilipewa uhai wa miaka 10 tu. Kwa hilo sina neno. Ila safari ya kwanza walichukua vidole na picha, safari hii wameongeza mboni za macho. Nywila ya simu ikivuja unaibadilisha jioni hiyohiyo. Jicho utalibadilisha kwa fundi gani? Na zikishaingia kwenye mashine yao, nani mwingine anazifungua: polisi, benki, kampuni za simu? Naomba tujibu hilo bila siasa.

Fundi Simu Kisenyi
Bila siasa, na uchaguzi ni Januari 2026. Haya, tujaribu.

Afande Mstaafu
Kijana wa Jinja, wewe mwaka 2017 ulikuwa darasa la ngapi? Machi ile Kaweesi, mkubwa wa polisi, aliuawa Kulambiro asubuhi, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na wauaji walikuwa na pikipiki. Zamani hizo laini ya simu ilinunuliwa kama njugu, unatumia, unatupa, hakuna wa kukuuliza. Ndiyo maana serikali ikasema kila laini na NIN yake, namba ya kitambulisho cha taifa, na ikaweka kamera za Huawei barabarani, kama milioni mia za dola hivi. Mimi mboni zangu wachukue zote mbili. Wanaolalamika nawajua: ni watu wa mpakani, wenye kitambulisho kimoja mfuko wa kulia na kingine mfuko wa kushoto. Asubuhi Mganda, jioni Mkenya. Mashine ya macho imewashika pabaya.

Wakili Asiye na Kesi
Milioni 126, Afande. Na tangu kamera zifungwe, kesi ngapi kubwa za mauaji zimefika hukumu kwa ushahidi wa kamera? Nasubiri.

Mama wa Sofia, Busia
Nilikuwa nasoma kimya kimya mpaka nikafika kwenye mfuko wa kushoto.

Afande, kwa heshima ya umri wako: nyumba ya bibi yangu ilikuwepo kabla ya lile geti. Huo mpaka ndio uliotukuta sisi tumekaa. Dada yangu ameolewa upande wa pili, nikipanda ngazi ya ghorofani kwangu naiona kamba yake ya nguo. Mimi kitambulisho ninacho kimoja, cha Uganda, na tangu 2014 kinanivusha Kenya bila pasipoti kwa sababu marais wenyewe walikubaliana. Sasa mwizi ni nani hapo? Wewe uliyekaa Bombo unakula pensheni ndiye utakayetufundisha uzalendo?

Afande Mstaafu
Sikukutaja wewe, mama. Nimesema wapo. Na wapo. Kataa.

Mama wa Sofia, Busia
Wapo. Na Kampala wapo wenye pasipoti ya Uingereza kabatini na kiti serikalini, hao huwasemi. Sisi wa Busia ndio tumekuwa saizi yako.

Wakili Asiye na Kesi
Tuweke sawa jambo moja kabla hatujaumizana. Uraia pacha si kosa. Katiba ya 1995 iliukataa, marekebisho ya 2005 yakaufungulia mlango. Kenya nao wakaukubali kwenye katiba yao ya 2010.

Afande Mstaafu
Unaomba, unaapa, unapewa. Hujipi mwenyewe sokoni Sofia, pale Busia, kwa kumnunulia mwenyekiti wa kijiji (LC) soda.

Wakili Asiye na Kesi
Hapo kwenye kuomba uko sahihi. Lakini umegusa penyewe bila kujua. Fomu inapita kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, inapita kwa GISO, afisa usalama wa eneo, na hao ndio wanaosema huyu wetu, huyu si wetu. Jicho linaweza kuthibitisha kwamba mimi ni yuleyule wa jana. Haliwezi kusema mimi ni Mganda. Waulizeni Wamaragoli wa Kiryandongo na Masindi. Wamekaa huko miaka na miaka, lakini jina lao halimo kwenye lile jedwali la tatu la Katiba lenye makabila 65, basi vitambulisho vikawa mgogoro. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa. Vidole vyao vilisomeka.

Mwalimu wa Kasese
Asante Wakili. Huku kwetu vidole hata havisomeki.

Karani wa Data
Jamani, kuna upotoshaji mwingi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kanuni zake zimetoka 2021, na ofisi maalumu ya kusimamia ipo. Data yako haiwezi kutumiwa kwa jambo lingine lolote bila ridhaa yako au bila sheria kuruhusu. Watu wasome kwanza.

Fundi Simu Kisenyi
"Bila sheria kuruhusu." Yaani mlango umefungwa, ila mwenye nyumba ana ufunguo.

Karani wa Data
Kila nchi iko hivyo, ndugu. Na hiyo ofisi inauma. 2021 NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya serikali, waliikuta SafeBoda, ile programu ya bodaboda, ikigawa taarifa za abiria kwa kampuni ya nje, wakaitaja hadharani. 2025 wameiamuru Google yenyewe ijiandikishe. Google!

Kalamu ya Jinja
Nakubali inauma kampuni. Lakini swali langu lilikuwa NIRA. Ofisi hiyo iko chini ya NITA-U, NITA-U iko chini ya wizara, wizara na NIRA wanakunywa chai sufuria moja. Nitajie siku ilipoiuma NIRA.

Jirani wa Malaba (upande wa Kenya)
Naomba kuchangia kama jirani. Sisi 2019 tuliambiwa tukimbilie Huduma Namba, namba mpya ya utambulisho, tusipokuwa nayo hatutapata huduma. Watu wakapanga foleni mpaka usiku. Januari 2020 mahakama ikasema DNA na ramani ya mahali unapoishi msichukue, na kwanza tungeni sheria inayoeleweka. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena ugawaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu hamkupima kwanza madhara kwa faragha za watu. Wanaharakati ndio waliokwenda mahakamani. Nyinyi mnangoja nini?

Afande Mstaafu
Unaona? Na mtu wa upande wa pili amekuja. Nilisema nini.

Mama wa Sofia, Busia
Hahaha, Afande wewe.

Fundi Simu Kisenyi
Jirani, mkashinda kesi, halafu mkapewa Maisha Namba. Mbuzi yuleyule, kengele mpya.

Jirani wa Malaba (upande wa Kenya)
Angalau tulimwona mbuzi kortini.

Wakili Asiye na Kesi
Hata hapa wameenda, Jirani, usituone tumelala. 2021 serikali ilitaka chanjo ya korona itolewe kwa wenye kitambulisho tu. ISER na Unwanted Witness, mashirika ya kutetea haki, wakafungua kesi, sharti likalegezwa. Mwaka uliofuata wakafungua kubwa zaidi kuhusu wazee na wajawazito wanaofukuzwa kwenye huduma kwa kukosa kadi. Ila magazeti yetu yakiona kesi haina mwanasiasa ndani yanaiweka ukurasa wa 17.

Mwalimu wa Kasese
Turudi kwa wazee, kwa sababu mnaruka ruka. Posho ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, umri ni 80 kwenda juu. Umri unasomwa wapi? Kwenye kadi. Nani aliandika tarehe kwenye kadi? Kijana wa 2014 mwenye kompyuta na foleni ya watu mia nyuma yake. Bibi anamwambia nilizaliwa mwaka wa nzige, kijana anabonyeza anachojua. Leo bibi ana wajukuu wenye mvi na kadi inasema 71. Hapati kitu.

Na yule ambaye tarehe yake iko sawa, amelima mihogo miaka sitini, kidole kimekuwa kama jiwe la kusagia, mashine inalia "jaribu tena". Kwa hiyo mtakaponiambia mboni ni mbaya, mimi najiuliza kwanza: labda jicho ndilo litakalomsaidia huyo bibi. Simtetei mtu. Nasema faragha yenu ya Kampala na njaa ya Bwera hazijakaa kwenye mizani moja.

Kalamu ya Jinja
Mwalimu, mtoto wa jicho je? Wazee wangapi kwenu wana ukungu machoni? Mashine iliyoshindwa na kidole itaanza kulia kwenye jicho.

Mwalimu wa Kasese
Hapo umenipata nusu. Nusu tu.

Afande Mstaafu
Mnafanya faragha kama ni dhahabu. NIN yangu hata nikiiandika hapa hakuna atakayenifanya kitu.

Mama wa Sofia, Busia
Andika.

Afande Mstaafu
CM54. Nyingine sitamalizia kwa sababu ninyi si watu.

Mama wa Sofia, Busia
Umesema raia, mwanamume, mzaliwa wa 1954. Herufi nne tu na tayari najua posho ya wazee utaingoja mpaka 2034. Ukimaliza zote 14 na jina lako, kuna kijana mahali fulani anakopa kwenye programu ya mikopo, na wewe ndiye utakayepigiwa simu na mwanao, na mchungaji wako, na bosi wa mwanao, waambiwe wewe ni mdaiwa sugu.

Afande Mstaafu
Mimi ni Mwislamu.

Mama wa Sofia, Busia
Basi imamu wako.

Fundi Simu Kisenyi
Sasa nisemeni mimi ninayekaa na hizi kadi kutwa nzima, maana nyote mnaangalia juu wakati maji yanavuja chini.

Hesabuni wenyewe nakala za kadi yenu zimebaki wapi. Wakala wa pesa za simu alitaka nakala. Mwenye nyumba alitaka nakala. Stendi ya boda ilitaka nakala. Shule ya mtoto, chama cha akiba, gesti ya Mbarara mliyolala usiku mmoja. Gesti inataka nakala ya nini, na kwa heshima naomba msijibu. Hizo karatasi hazifungiwi kwenye sefu. Duka la kutoa fotokopi likiharibu moja linaitupa kwenye boksi, boksi linauzwa kwa kilo. Mimi nimenunua karanga hapa Kisenyi zimefungwa kwenye uso wa mtu, NIN yake inasomeka vizuri kabisa, mafuta kidogo tu kwenye jina la kijiji.

Halafu wakopeshaji. Kanuni zinawakataza kushika kadi ya mtu kama rehani. Nendeni mtaani mkafungue droo zao. Mkopeshaji mmoja nilimtengenezea simu, akavuta droo kutafuta chaja, kadi zimepangwa na mpira kama noti.

Na hili la mwisho, mlisikilize vizuri: mnapokwenda kusajili laini kwa vijana wa mwavuli, wale mawakala wa barabarani. Unaweka kidole, anakwambia "haijashika, weka tena". Imeshika. Cha kwanza ni cha laini yako. Cha pili ni cha laini nyingine inayouzwa kesho kwa mtu asiyetaka kujulikana. Ile laini ya kutupa ambayo Afande anasema imekwisha 2017 bado ipo, ila sasa ina jina. Jina lako.

Wakili Asiye na Kesi
Na polisi wakifuata namba hiyo wanafika mlangoni kwako, na mahakamani mfumo unasema kidole ni chako. Utabisha na kidole chako?

Karani wa Data
Hilo ni kosa la mawakala, siyo la mfumo. Tusichanganye.

Fundi Simu Kisenyi
Karani, wakala ndiye mfumo. Mimi Kololo, makao makuu ya NIRA, sijawahi kuhudumiwa na mkurugenzi.

Karani wa Data
Matusi hayasaidii.

Fundi Simu Kisenyi
Tusi liko wapi hapo?

Jirani wa Malaba (upande wa Kenya)
Karani amekasirika. Hata kwetu makarani wako hivyo.

Karani wa Data
Mimi ni mtaalamu niliyesoma, sikuja hapa kufananishwa na makarani wa Kenya. Jina hili nilichagua kwa utani.

Mwalimu wa Kasese
Basi sasa ni ugomvi wa makarani. Kalamu, pole, mada yako imevuka mpaka bila kitambulisho.

Kalamu ya Jinja
Nimezoea. Ila kwa maneno ya Fundi nimeona kwamba swali langu lilikuwa dogo kuliko jambo lenyewe. Kama hawawezi kulinda karatasi, jicho watalilindaje? Na bado hakuna aliyenijibu kama ninaweza kukataa jicho nikapewa kadi kwa vidole tu.

Wakili Asiye na Kesi
Jaribu ukatae halafu utuletee majibu. Bila kadi husajili laini, hufungui akaunti, huombi pasipoti. Ridhaa ya namna hiyo hata kwenye ndoa ya kulazimishwa ipo.

Afande Mstaafu
Fundi. Hebu niulize. Mtu akitaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa NIN yake anafanyaje? Kuna jirani yangu hapa alisajili kwa vijana wa mwavuli, wakamwambia aweke kidole mara tatu.

Fundi Simu Kisenyi
Mara tatu! Mwambie huyo jirani aende ofisi kubwa ya mtandao wake, siyo wakala, na kadi yake mkononi. Aombe waangalie namba zote zilizo kwenye NIN hiyo, asizozijua zifungwe mbele yake, na adai karatasi yenye muhuri. Mtandao mwingine nao aende vilevile, kwa sababu kila kampuni inaona za kwake.

Afande Mstaafu
Atahitaji kuacha nakala ya kitambulisho?

Fundi Simu Kisenyi
Watamwomba.

Mama wa Sofia, Busia
Afande, achore mstari juu ya hiyo nakala, aandike tarehe na kazi yake: "kwa kukagua laini tu". Sisi wa Busia ndivyo tunavyofanya. Ikitumika kwingine inajulikana ilitoka wapi.

Afande Mstaafu
Nitamwambia.

Mwalimu wa Kasese
Fundi, uko Kisenyi upande gani, na Jumapili unafungua? Simu yangu haichaji.