Umeme wa Tukuza, bei ya mwenye nyumba: sisi wapangaji tunatetewa na nani?

Jamani nimechoka, leo naandika.

Nimepanga chumba huku Ng'ambo, mjini Unguja, nyumba ya vyumba sita. Mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia, ni moja, iko ukumbini kwa mwenye nyumba na mlango una kufuli. Sisi kila mmoja kawekewa mita ndogo juu ya mlango wake. Tokeni ananunua yeye, kisha anatuuzia yuniti kwa shilingi 500. Ukimwomba risiti anasema unamvunjia heshima.

Wiki iliyopita risiti ya tokeni nimeiona kwa macho yangu, imeanguka karibu na ngazi. Nikagawa pesa kwa yuniti, makato yote yamo: haifiki hata 400! Hiyo inayozidi ni ya nini?

Mimi nauza malai. Friza ndiyo riziki yangu na wanangu. Jumamosi nikamuuliza kuhusu ile risiti. Jioni chumba changu peke yake kikawa kiza, wenzangu wote taa zinawaka. Asubuhi nafungua friza, malai ya ubuyu yote yamelegea, mifuko mingine imepasuka, maji mekundu yanachuruzika mpaka kwenye mkeka. Ati fyuzi. Fyuzi gani inayomchagua aliyeuliza?

Kitunguu kikipanda kwa muuzaji mmoja Darajani, nahamia meza ya pili. Umeme nitahamia wapi? Shirika la umeme Zanzibar ni moja, ZECO, na ndani ya nyumba waya ni wa mtu mmoja. Ndiyo maana Sheria Namba 7 ya 2013 ikaanzisha ZURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, ili muuzaji asijipangie bei mwenyewe. Sasa bei hiyo ikifika kizingitini inafia hapo? Anayeuza yuniti ni muuza umeme, awe na nguzo barabarani au kufuli ya ukumbini, na mnunuzi ana haki ya kuona risiti.

Unguja ilipokaa kiza kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa ubovu wa njia ya umeme ya chini ya bahari, tulivumilia sote, mwenye nacho na asiye nacho. Ile ilikuwa hitilafu. Hii ni mkono wa mtu.

Kuna mpangaji yeyote aliyefungiwa mita yake mwenyewe? Mwenye nyumba ilibidi akubali? Mlianzia wapi? Kodi yangu inaisha kesho kutwa, nataka nijue kabla sijampa shilingi nyengine.