Naomba ushauri: nasomaje nikiwa na watoto wadogo wawili?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili: mmoja ana miaka 4, mwingine miezi 9. Kazini ripoti nyingi sasa zinataka SQL (lugha ya kompyuta ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata), na mimi nimebaki na Excel yangu. Nimejiandikisha kozi mtandaoni, nikapanga kusoma usiku wakishalala.

Kwa kweli nashindwa. Jana nilianza saa tatu usiku, nikafika kwenye JOIN (amri ya SQL ya kuunganisha majedwali), mdogo akaamka kunyonya. Niliporudi nilisoma mstari uleule mara tatu bila kuelewa, nikafunga kompyuta. Alfajiri nimejaribu pia, ila mkubwa akisikia tu mlango, huyo, ananifuata na blanketi lake. Video nasikiliza nikifua nguo, lakini SQL haiingii kwa masikio, inataka mikono.

Mume wangu yuko tayari kukaa nao kila Jumamosi asubuhi, kama masaa mawili hivi. Je, yanatosha, au kila wiki nitakuwa naanza upya? Mliopitia hali hii mlijipangaje? Au nisubiri kwanza mdogo aache kunyonya? Naogopa sana kuachwa nyuma.