Klasi dhahania au kiolesura: nichague kipi kwenye Java?

Swali
Ndugu wataalamu, ninaandika kwa Java programu ya kupokea malipo kwa simu, kadi na benki. Njia zote huhakiki kiasi na kuandika kumbukumbu kwa namna moja, ila kila moja hutuma fedha kwa utaratibu wake. Nilifundishwa kwamba klasi dhahania (abstract class, klasi isiyoundiwa vitu moja kwa moja bali hurithiwa na nyingine) huweza kubeba msimbo uliokamilika, ilhali kiolesura (interface, orodha ya kazi ambazo klasi huahidi kuzifanya) hutaja methodi tu, yaani kazi hizo bila msimbo wake. Lakini tangu toleo la 8 la mwaka 2014, kiolesura nacho kinaruhusiwa kuwa na methodi zenye msimbo. Je, klasi dhahania imebaki na kazi gani?

Jibu la 1
Imebaki na kazi kubwa: kutunza hali, yaani data ambayo kila kitu hukumbuka. Klasi dhahania ina konstrakta (msimbo unaoandaa kitu kinapoundwa), na data yake inaweza kubadilika na kufichwa. Kiolesura hakina konstrakta, na kila thamani inayotangazwa ndani yake huwa ya kudumu na ya wazi kwa wote. Ikiwa kila malipo yanapaswa kukumbuka namba ya muamala na hatua yaliyofikia, data hiyo haina pa kukaa ndani ya kiolesura. Andika utaratibu mzima kwenye klasi dhahania, yaani kuhakiki, kutuma na kuweka kumbukumbu, kisha methodi ya kutuma pekee uiache dhahania, yaani bila msimbo, ili kila njia iandike wake.

Jibu la 2
Nakubaliana, ila nakusihi usiishie hapo. Klasi ya Java hurithi klasi moja tu lakini hutekeleza violesura vingi, kwa hiyo ukilazimisha kila njia ya malipo irithi klasi yako, umeimalizia nafasi yake pekee ya kurithi. Tazama maktaba ya Java yenyewe: List ni kiolesura, AbstractList ni klasi dhahania inayokitekeleza, na anayetaka orodha ya kusoma tu huandika get na size, mengine akayarithi. Nawe uwe na vyote viwili, na sehemu nyingine za programu zitaje kiolesura peke yake. Methodi zenye msimbo ziliingizwa hasa ili violesura vya zamani viongezewe uwezo, kama methodi ya stream kwenye kiolesura cha Collection, bila kuvunja klasi zilizokwisha kuandikwa.

Muulizaji
Nimeelewa, asanteni. Na klasi ikitekeleza violesura viwili visivyorithiana, kila kimoja kikiwa na methodi ileile yenye msimbo?

Jibu la 2
Kompaila (programu inayotafsiri msimbo) itakataa mpaka klasi yako iiandike methodi hiyo yenyewe. Klasi mzazi ikiwa nayo tayari, ya mzazi ndiyo itakayotumika.