Acheni kuwacheka wanaotupa karata kwenye riva, mnawamaliza watu hela

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira, na naomba mods wasiuhamishie uzi huu jukwaa la utani.

Magrupu yetu ya poka yameharibika. Mtu akikutana na dau kubwa la riva akatupa karata, anachekwa wiki nzima. Muoga. Kaibiwa. Arudi kwenye lasti kadi. Wiki inayofuata hataki tena kuchekwa, analipa, anaonyeshwa seti (karata tatu za namba moja), na wale wale waliomcheka wanamwandikia "ndiyo poka hiyo mkuu, usikate tamaa". Hela ilikuwa yake peke yake, lakini ushauri ulikuwa wenu wote.

Kwa wasiocheza: nazungumzia Texas Hold'em. Karata mbili mkononi, tano mezani, na riva ndiyo ile ya tano. Ikishafunguliwa hakuna nyingine ya kukuokoa. Linabaki dau la mwisho, nawe unalipa au unatupa.

Kilichonifikisha hapa ni mkono wa dogo mmoja tunayecheza naye. Blaindi, yaani madau ya lazima kabla ya karata, ni 500 kwa 1,000. Dogo ana kingi ya uru na kwini ya shupaza, anafungua kwa 4,000. Analipwa na mtu mmoja tu, mzee wa vipuri aliyekaa kwenye blaindi kubwa. Mnamjua aina yake hata kama hamjakaa naye: anakunywa soda, haongezi dau, analipa kimya kimya, anasubiri. Mezani zikaja kingi ya shupaza, tisa ya shupaza, nne ya uru. Dogo 6,000, mzee akalipa. Ikaja mbili ya maua. Dogo 13,000, mzee akalipa. Poti, yaani hela zote zilizowekwa mezani, sasa 46,500. Riva, saba ya kopa. Mzee hakusubiri dogo aseme kitu. Akahesabu chipu taratibu, akazipanga safu safu, akasukuma 90,000.

Dogo akafikiri kama dakika mbili, akatupa. Mzee akarudisha karata zake kifudifudi kwa mgawaji. Hakuna aliyeziona, na hakuna atakayeziona.

Basi mkono ukafika kwenye grupu, na kocha wetu wa mtandaoni (simtaji, anajijua, anauza kozi kwa hela ambayo wengine wanakopa kwenye simu) akashusha sauti ya dakika nane. Eti dogo ameibiwa mchana kweupe. Eti kwa dau la ukubwa ule lazima ulinde, yaani ulipe bila kutupa, angalau theluthi ya mikono unayoweza kuwa nayo, na pea ya juu (kingi yako na ile ya mezani) yenye kwini pembeni iko ndani ya theluthi hiyo, kwa hiyo kutupa ni dhambi. Eti pia dogo alikuwa na kwini ya shupaza, karata "inayozuia flashi", yaani karata tano za aina moja, kama shupaza tupu. Watu mia wakaweka moto na makofi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kocha aliisema nusu. Poti ilikuwa 46,500, ukijumlisha dau la mzee inakuwa 136,500. Dogo anatakiwa atoe 90,000 kuigombea. Gawanya 90,000 kwa 226,500 (136,500 na hizo 90,000 zake), unapata karibu asilimia 40. Maana yake, katika kila mara kumi anazolipa mahali kama pale, awe mshindi mara nne ndipo arudishe hela yake tu, kabla ya faida. Dau likiwa sawa na poti unahitaji theluthi. Likiwa nusu ya poti, robo. Kadiri dau linavyokua ndivyo unavyotakiwa uwe na uhakika zaidi. Hapa hakuna siri ya kozi, ni hesabu ya darasa la saba.

Sasa hiyo theluthi ya kulinda. Ni kweli ipo: 46,500 gawa kwa 136,500 ni asilimia 34. Lakini ni kinga dhidi ya mtu anayeweza kukupiga blafu, yaani kukutisha kwa dau akiwa hana kitu, na karata yoyote ile. Ukitupa zaidi ya hapo, yeye anapata faida kwa kusukuma takataka. Hiyo ndiyo kazi yake, na ina maana dhidi ya mtu anayesukuma takataka. Kocha, niambie mzee wa vipuri amesukuma takataka lini? Solva unayoiabudu, ile programu ya kompyuta ya kukokotoa poka, inamchukulia kila mpinzani kuwa anapiga blafu kwa uwiano unaotakiwa, na kwa dau la mara mbili ya poti uwiano huo ni blafu mara nne katika kumi. Mzee huyu akipiga moja katika kumi, tufanye sherehe. Na akipiga moja katika kumi, kila unapomlipa unapoteza wastani wa shilingi 67,000 na kitu. Piga mwenyewe: mara moja unapata 136,500, mara tisa unapoteza 90,000, gawa kwa kumi. Huko ni "kujilinda" na nini?

Sijasema chochote kuhusu kasino kukata chake kwenye poti. Huko hasara inaongezeka.

Lakini kilichonichefua kabisa ni hiyo kwini ya shupaza. Jamani. Mezani kuna shupaza mbili tu, riva imekuja kopa. Flashi haipo! Walioitafuta wamekosa, na hao waliokosa ndio watu pekee wenye sababu ya kupiga blafu. Hesabu uone. Ukitoa shupaza mbili za mezani zinabaki 11, ambazo zinatengeneza jozi 55 za mtu aliyekuwa akitafuta flashi. Ukishika moja mkononi mwako zinabaki jozi 45. Zile kumi zilizokufa zote zina kwini, na ndani yake kuna esi na kwini, kwini na jeki, kwini na kumi, jozi ambazo hakuna mtu mezani kwetu anazitupa mwanzoni. Kwa hiyo karata ya dogo ilipunguza blafu za mzee. Seti za nne, mbili na saba haikuzigusa hata moja, kila namba bado ina njia tatu. Kocha kaichukua sababu ya kutupa akaiuza kama sababu ya kulipa, na watu wakamlipia.

Halafu mnaniletea video ya Moneymaker na Farha. Kila siku, Moneymaker na Farha! Naijua. Las Vegas, 2003, wamebaki wawili kwenye mashindano ya watu 839. Moneymaker ana kingi ya shupaza na saba ya kopa, hana kitu, flashi imemkosa, anasukuma chipu zote kwenye riva. Farha ana pea ya tisa, pea ya juu kabisa mezani, anafikiri sana, anatupa. Mhasibu wa Tennessee anaondoka na dola milioni 2.5. Blafu tamu, sikatai. Ila mnaijua kwa sababu kamera ilionyesha karata zilizofichwa, na inarudiwa miaka yote hii kwa sababu ni ya ajabu. Mara ngapi mtu kasukuma zote akiwa na flashi kweli, mwenzake akatupa, na hakuna aliyeikata kipande cha kuwarushia? Isitoshe Moneymaker alikuwa anapigania ubingwa wa dunia. Mzee wa vipuri anapigania kurudi nyumbani kabla ya foleni.

Sisemi mtupe kila kitu. Nimeshaona jibu hilo linakuja, liacheni. Kuna yule kijana mwenye hedfoni wa meza ya dirishani, anapiga dau kwenye flopu (karata tatu za kwanza mezani), anapiga karata ya nne, anapiga riva, mkono baada ya mkono. Yeye mlipeni, tena kwa pea ya pili, hasa shupaza zikikosa na nyinyi hamna shupaza hata moja mkononi. Mtu ambaye mikono yake ya wastani huwa anaipitisha bila kupiga, halafu ghafla anapiga kubwa, naye ana mawili tu: kitu kizito au hewa. Na dau la nusu poti msilikimbie ovyo, robo tu inatosha. Tofauti ni mtu. Aliyelipa, akalipa, halafu kwenye riva akatangulia na dau la mara mbili ya poti, huyo kafika na mzigo. Mtazameni mtu kwanza, solva baadaye.

Na kwa kocha: acha sauti za dakika nane. Leta daftari lako. Kila dau kubwa la riva ulilolilipa kwenye meza zetu, poti ilikuwa ngapi, dau ngapi, nani alipiga, na ulionyeshwa nini. Sitaki picha za ushindi, nataka kurasa zote, pamoja na zile za kununa. Nami nitaleta langu, mods walinganishe.

NYONGEZA: Anayeniuliza PM kama dogo ni ndugu yangu, hapana. Na aliyeandika hapo chini kwamba "mzee huenda alikuwa na tisa na nane tu", mkuu, mtu mwenye pea ya tisa na soda mkononi anagonga meza anapitisha. Hasukumi 90,000.