Kampavani kando ya Ziwa Elementaita: tujenge pa kumwaga kwanza, ruhusa ifuate

Suala lililo mezani ni hili: je, wageni wanaosafiri kwa kampavani, yaani magari yenye kitanda, jiko na mara nyingi choo ndani, waruhusiwe kulala popote wanapoegesha kando ya Ziwa Elementaita, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, na kwenye miinuko inayolitazama, au wakatazwe kabisa? Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba mgeni anayelala garini hakodi chumba, hali hotelini na huacha taka nyuma yake, kwa hiyo aondolewe. Wengine wanasema kwamba mandhari ni ya umma, na kwamba mgeni huyo hununua mayai, mboga na mkaa moja kwa moja kwa mwananchi, tofauti na yule aliyekwisha lipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao, kwa hiyo asibughudhiwe. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa makini, na ninaamini zimeruka jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni mahali gari hilo linapomwaga choo chake. Mpaka tutakapokuwa na mahali hapo, marufuku itashindwa, na ruhusa nayo itashindwa.

Wasioyajua magari haya kwa karibu nawaeleza choo chake kilivyo. Chini ya kiti cha choo huwa kuna kasha la plastiki la lita 20 hivi, ambalo hutolewa kupitia mlango mdogo ulio ubavuni mwa gari. Humo hutiwa dawa ya kuzuia harufu, mara nyingi ya rangi ya buluu. Watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu, na likijaa ni lazima limwagwe. Nilimwona mgeni mmoja, mtu mwenye adabu ambaye dakika chache kabla alikuwa akiokota vizibo vya chupa vilivyoachwa na watu wengine, akishuka na kasha hilo mkononi kwenye mteremko ulio karibu na chemchemi za maji moto za Kekopey. Alichagua kichaka, akafungua mfuniko, akamimina. Maji ya buluu yalifuata mfereji mwembamba uliochimbwa na mvua, yakapotelea kwenye changarawe. Alipoulizwa alisema kwamba tangu Naivasha amekuwa akitafuta pa kumwaga na kila aliyemuuliza alitikisa kichwa. Sisi tuliokuwapo hatukuweza kumwelekeza popote.

Ziwa lenyewe haliwezi kustahimili mzigo huo. Elementaita ni ziwa la magadi lenye kina kifupi, na halina mto unaotoka. Kinacholetwa na mito ya Mereroni, Mbaruk na Kariandusi, pamoja na kinachoteremshwa na mvua kutoka miinukoni, hubaki humo, kwa kuwa maji hupanda hewani kwa jua na kuacha kila kitu kingine chini. Humo ndimo mwari weupe wanamozalia, wakiruka kwenda kuvua samaki Ziwa Nakuru, na kwa sababu ya ndege hao na heroe, UNESCO iliyaorodhesha maziwa ya Elementaita, Nakuru na Bogoria kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Wenyeji huoga na kufua kwenye chemchemi zilezile za Kekopey. Mchangiaji mmoja ameshauri kwamba wageni wamwage kwenye choo cha shimo cha jirani yeyote aliye karibu, lakini dawa nyingi za makasha haya huwadhuru bakteria wanaoozesha uchafu shimoni au kwenye tangi, kwa hiyo jirani huyo atakuwa amefanya ukarimu wa kujiharibia choo chake mwenyewe.

Kuhusu marufuku, nawauliza wanaoitaka: nani ataitekeleza saa nne usiku? Gari likifukuzwa kwenye sehemu ya wazi ya kutazamia ziwa, dereva aliyechoka atarudi kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, katikati ya malori, au atapenya kichochoro asichokijua na kulala mahali ambapo hata uchafu wake hatutauona. Na wanaosema alale popote wakumbuke kwamba mandhari ni ya wote ila ardhi ina wenyewe. Sehemu kubwa inayozunguka ziwa ni ranchi, hifadhi za watu binafsi na mashamba madogo ya familia, na ziwa lenyewe lilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa ya wanyamapori mwaka 2010. Kwetu mgeni hupiga hodi. Gari lisilojulikana likizimwa taa kando ya ua wa mtu usiku, mama aliye ndani na watoto hapati usingizi, na mzee wa Nyumba Kumi ndiye atakayepigiwa simu. Hofu hiyo ni ya haki, na haifai kuitwa ushamba kama ilivyoitwa humu.

Pendekezo langu linaanzia Kikopey, pale penye nyama choma kando ya barabara kuu, si Kekopey penye chemchemi. Pale tayari pana viwanja vya kuegesha, maji, taa na mabawabu wanaokesha. Tukiweka tangi moja lililofungwa vizuri, lenye mdomo wa kumwagia kasha na bomba la kusuuzia, lori la kunyonya maji taka linaweza kulinyonya na kuupeleka uchafu hadi kwenye mitambo ya kutibu maji taka iliyoko Nakuru. Kulala pale kuwe halali kwa ada, na kulala ndani ya eneo la ufuo kukatazwe, huku mabango yakimwelekeza mgeni mahali pa kwenda badala ya kumfukuza tu. Jambo la magari kulala si geni kwetu: malori ya masafa marefu yamelala Salgaa na Maai Mahiu kwa miaka mingi, na miji ile imekua kwa kuwahudumia madereva wake.

New Zealand, nchi inayopokea kampavani nyingi kuliko tutakazowahi kuziona, ilitunga sheria ya kulala huru, yaani kulala garini au hemani nje ya kambi za kulipia, mwaka 2011. Malalamiko hayakuisha, na mwaka 2023 sheria nyingine ilikaza masharti: anayetaka kulala garini kwenye ardhi ya halmashauri, isipokuwa pale halmashauri iliporuhusu vinginevyo, awe na gari lenye choo kilichofungwa imara ndani, kwani choo cha kubebeka hakikutosha tena. Nchini Ufaransa, vijiji vingi vidogo vimetenga viwanja vyenye mahali pa kumwaga choo na kuchota maji, na msafiri hupanga njia yake kwa kuvifuata. Nchi hizo zina mitandao ya maji taka ambayo sisi hatuna, na ndiyo sababu sisi tunahitaji tangi hilo hata zaidi.

Wenye kambi na hoteli ndogo wamelalamika kwamba wao hulipa leseni na tozo ya utalii ya asilimia 2 huku kampavani ikilala bure. Wana haki kabisa. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kaunti uwezo wa kutoza ada kwa huduma inazotoa, na kumtoza mgeni kwa kulala kwenye changarawe isiyo na choo, maji wala mlinzi ni kumtoza bila huduma. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti hiyohiyo maegesho, utalii wa ndani, uzoaji taka na huduma za maji na usafi, kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri serikali kuu ya Nairobi. Ada na iwaguse pia Wakenya wanaokuja wikendi na mahema juu ya paa za magari, maana uchafu hauulizi pasipoti. Sehemu yake ilipe walinzi na wasafishaji wa Kekopey, na hesabu zisomwe barazani mbele ya wakazi.

Wanaopinga tangi kujengwa Kikopey naomba wataje mahali pengine linapoweza kuwekwa, umbali wake kutoka ziwani, na nani atalilipia lori la kulinyonya.