Picha za watoto wa kifalme: zinapangwa?

Bi Kikwajuni: Asalaam alaykum. Binti yangu kanionesha picha ya Louis, yule mtoto wa mwisho wa William, mrithi wa ufalme wa Uingereza, alivyoziba masikio na kupiga kelele kwenye roshani ya kasri la Buckingham, Juni 2022. Saluni nzima tulicheka, hata bibi harusi aliyekuwa anapigwa hina. Lakini nauliza, picha hizi hutoka tu, au yupo anayezipanga?

Mpemba wa Wete: Waalaykum salaam dada. Nyingi zapangwa. Za siku ya kuzaliwa hutolewa na kasri lenyewe, aghlabu kapiga mama yao, Kate. Gazeti likishapata picha nzuri bure, ya kuvizia lainunulia nini? Ila Machi 2024 walijikwaa. Ile ya Siku ya Akina Mama ilichezewa, mkono wa Charlotte, dada yake Louis, haukukaa sawa na sweta, na mashirika ya habari AP na Reuters wakaiondoa. Kate akaomba radhi.

Mzee wa Forodhani: Wetu wa Zanzibar hakungoja kasri limsemee. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliuandika mwenyewe utoto wake wa Mtoni, kwa Kijerumani, ukachapwa 1886. Watalii wangu humuulizia yeye kuliko kaka zake waliotawala.

Bi Kikwajuni: Ahsanteni. Na Louis je, alifundishwa kuziba masikio?

Mpemba wa Wete: Mtoto wa miaka 4, ndege za kijeshi zampitia kichwani! Huyo hafundishwi. Ujanja ni wa wazazi, hawakuona haya, wakamtania wenyewe mtandaoni. Watu wakazidi kumpenda.