Mzee kavunjika mguu, tupo Nguruka: kliniki ya mifupa Kigoma au Tabora?

Mtoto wa Nguruka
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi mzee wetu (miaka 63) ameanguka toka mtini akishusha mzinga wa nyuki. Mguu wa kulia, mifupa yote miwili chini ya goti. Ngozi haikuchanika. Wamempiga picha, wamemfunga plasta ya nusu, ile isiyozunguka mguu mzima, wakaandika rufaa: ndani ya wiki awe ameonana na kliniki ya mifupa.

Sasa familia imegawanyika. Kaka yuko Mwanga, Kigoma mjini, anataka mzee aende hospitali ya Maweni huko huko. Dada yuko Isevya, Tabora mjini, anasema hospitali ya Kitete. Kuna jirani anaisifia Nkinga. Baba mdogo ana mtaalamu wake wa kienyeji na anaapa kwamba hospitali watamkata mzee mguu. Treni inapita hapa pande zote mbili na sisi tuko kama katikati, kwa hiyo umbali hautusaidii kuamua. Mlioenda huko, mnasemaje?

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Mwangaluka, ndugu. Pole kwa mzee. Maweni na Kitete zote ni hospitali za rufaa za mkoa, kwa plasta na picha sioni cha kuwagombanisha. Nkinga ni ya kanisa la Kipentekoste, FPCT, lakini iko Wilaya ya Igunga. Ukishuka treni Tabora bado una basi na usafiri mwingine mbele yako. Kwa mtu wa magongo hiyo safari si ya kurudia rudia, na kliniki ya mifupa huendi mara moja.

Hogo Mkavu
Nimefanya kazi chumba cha plasta miaka mingi kabla ya kustaafu. Niseme kitakachotokea, maana naona mnabishana majina tu.

Plasta ya nusu imewekwa kwa sababu mguu bado unavimba. Uvimbe ukipungua, plasta inalegea na mfupa unaweza kuhama ndani kimya kimya. Ndiyo maana ya hiyo wiki moja. Siku ya kwanza kliniki watapiga picha mguu ukiwa ndani ya plasta, wataangalia kama mifupa imenyooka, kisha wamfunge hogo kamili, yaani plasta ya kuzunguka mguu, kutoka pajani hadi vidoleni, goti limekunjwa kidogo. Baada ya hapo picha nyingine, kwa kawaida wiki ya pili, maana mfupa ukihama mapema unarekebishika. Ukija na mguu uliopinda mwezi wa tatu, hapo ni kuuvunja upya au kupasua.

Wiki kadhaa mbele hogo refu linabadilishwa kuwa fupi, chini ya goti, na taratibu anaanza kukanyaga. Mfupa wa ugoko kwa mtu mzima hesabu miezi mitatu hadi minne, na wengine huvuka hapo. Kama mzee anavuta sigara au tumbaku, aache, inachelewesha mfupa kuunga. Hogo likitoka msishangae mguu kuwa mwembamba na kifundo kimekaza. Atapelekwa kwa watu wa mazoezi tiba. Hapo ndipo wengi wanatoroka, halafu wanachechemea maisha yao yote.

Kwa hiyo swali lako liwe hili: kwa miezi minne mzee atalala wapi?

Antena2
Mimi natofautiana kidogo na mzee wangu Hogo. Nilivunjika hivyo hivyo kwa bodaboda, ila mfupa wangu ulitoka nje. Nikapelekwa Mwanza, nikawekewa antena, vile vyuma vya nje ya mguu vinavyoshika mfupa, baadaye nikafungwa chuma cha ndani. Ukiwa na chuma unakunja goti mapema, hukai na hogo la pajani wiki nzima unawashwa bila pa kujikuna. Kama mna uwezo, ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, moja kwa moja.

Hogo Mkavu
Kijana wangu, chako kilikuwa kidonda wazi. Hicho kinataka kuoshwa chumba cha upasuaji, dawa za kuzuia maambukizi na sindano ya pepopunda, bila kuchelewa. Huyu ngozi yake ni nzima. Kama mifupa imekaa vizuri, plasta inatosha. Chuma kina raha zake, kweli, lakini kikiingia usaha ni vita ya miaka. Picha ndiyo itaamua. Ikionekana imehama, kliniki yenyewe itawapa rufaa.

Antena2
Hapo nimekuelewa. Na kweli kusafisha vile vyuma kila siku kulinichosha.

Mama Twaha Mwanga
Naomba niseme na huyo baba mdogo, kwa heshima zote. Mwanangu alivunjika mkono akiwa darasa la nne, tukampeleka kwa muunga mifupa anayeheshimika sana. Akamfunga vijiti na kamba, akakaza. Usiku mtoto analia, tunaambiwa dawa inafanya kazi. Asubuhi vidole vimekuwa vya baridi, rangi imebadilika, ukimgusa hasikii. Tulikimbia hospitali, Mungu akasaidia, vidole viwili tu ndivyo havikunji hadi leo. Kinachofanya watu wakatwe ni kamba kama ile, halafu hospitali inapokea lawama.

Na hata hogo la hospitali linaweza kubana. Vidole vikivimba, vikiwa baridi, ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, msingoje tarehe ya kliniki. Rudini saa hiyo hiyo, hata saa nane usiku.

Mambo mengine: mimi naishi Mwanga. Ule mlima wetu mnaujua. Magongo na mlima, sijui.

Mtoto wa Nguruka
Mama Twaha, asante, nimemsomea baba mdogo kwa sauti. Amenyamaza, na kwake hiyo ni hatua kubwa. Kuhusu mlima hatukuwa tumefikiria kabisa! Chumba cha kaka ni huko juu, na choo kiko nje. Kwa dada ni tambarare. Ila tuna CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, tuliyokata Kigoma.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Hiyo usibahatishe. Dada aende Kitete asubuhi aulize dirisha la bima kama kadi yenu inapokelewa, na aulize siku za kliniki ya mifupa. Mzee ana miaka 63, aulize pia dirisha la wazee. Mkikwama fedha, ofisi ya ustawi wa jamii iko hapo hapo hospitali, watu wanaipita tu.

Barua ya rufaa na picha ya kwanza asivisahau. Mimi nilipoteza picha yangu, hospitali fulani wakanipiga upya na hakuna aliyejua mfupa ulikuwaje mwanzo. Zipige na simu pia.

Hogo Mkavu
Treni mkate daraja la pili kulala. Mguu usining'inie, uwe juu ya mto, na achezeshe vidole njia nzima. Wakishamfunga hogo jipya asilikanyage mpaka daktari aseme, na lisiguse maji. Na mwiko kuchokonoa ndani na kijiti cha mshikaki, nimetoa vingi humo.

Mtoto wa Nguruka
Mrejesho: dada amerudi kutoka Kitete, siku ya kliniki ameijua na kitanda kimeshahamia sebuleni. Rufaa imeandikwa upya kwenda Tabora. Tiketi nakata kesho. Mzee mwenyewe hana neno, anauliza tu nani atashusha ule mzinga, maana asali ilikuwa imeiva.